Mhuri Namba Kumi na Saba

Gazeti la kiwanda limeniomba niandike maisha ya mhuri namba kumi na saba. Wanataka kurasa mbili za kutoka mwezi wa Mei, zenye furaha, kwa sababu mwaka huu ni miaka thelathini ya ushindi dhidi ya Wajerumani na mji mzima utajaa maua na medali. Wanadhani wananiomba maisha yangu. Kosa si lao. Mhuri huo nimeutumia miaka ishirini na sita, na pale getini, kwenye ubao wa mafundi bora, chini ya picha yangu wameandika namba hiyo hiyo. Lakini ulikuwa na mwenyewe kabla yangu, na mwenyewe tulimzika Februari hii, watu watano kwa jumla, wawili wao wakiwa wachimba kaburi.

Wageni wakija hapa Uralini hupelekwa kwanza uwanjani kukiona kifaru chetu kilichopandishwa juu ya jiwe. Kijana wa makumbusho huwaambia kwamba ukihesabu vifaru vilivyobadilisha vita duniani, T-34 chetu, Thelathini na Nne, hakikosi kuwa cha kwanza au cha pili. Huwaonyesha bamba la mbele lilivyolala mteremko kama paa, ili risasi ya mzinga ije iteleze. Huwaonyesha minyororo mipana iliyopita kwenye tope ambalo vya Wajerumani vilizama. Yote ni kweli, na mimi humwacha aseme. Ila mshono hamwonyeshi mtu. Bamba lilale litakavyo, lisiposhikwa sawasawa na bamba la ubavuni ni mlango usio na komeo.

Hayo nilifundishwa na Glafira Nikonovna Pestereva, na alinifundisha kwa matusi. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, mwenye pua iliyoungua mara nyingi hadi ikabaki nyekundu mwaka mzima. Alizaliwa kijiji cha ng'ambo ya mto, akakua akichunga bata bukini wa watu, akaja mjini akiwa na miaka kumi na tisa, wakati kiwanda chenyewe kilikuwa bado mashimo na tope. Misingi yake aliichimba kwa koleo. Baadaye walipotafuta wanawake wa kufundishwa kuchomelea chuma alijitokeza wa kwanza, kwa sababu wachomeleaji walipewa maziwa. Hakuficha. "Wenzangu waliitwa na nchi," alikuwa akisema. "Mimi niliitwa na maziwa."

Aliolewa na Yermolai, dereva wa trekta, mtu mrefu mwenye kigugumizi, wakapata mtoto mmoja wa kike, Tasya. Vita vilipoanza Yermolai akafundishwa kuendesha kifaru, na kiangazi cha mwaka wa arobaini na mbili akaletwa kiwandani kwetu na wenzake kuchukua chao. Ndivyo ilivyokuwa siku zile: wanajeshi walikuja wenyewe, wakasaidia kufunga nati, wakala supu yetu ya kabichi, kisha wakapanda treni na kifaru chao moja kwa moja hadi vitani. Glafira hakumbusu mumewe mbele za watu. Aliingia chini ya kifaru, akakagua mishono ya mbele mmoja baada ya mwingine, akatoka na grisi usoni.

"Hii ni yangu," alimwambia. "Haitafunguka."

Septemba ikaja karatasi, ile ambayo wote huandikiwa: amekufa kishujaa. Glafira akamwandikia barua mwenzake Yermolai aliyesalia, swali moja tu: mshono ulifunguka? Jibu lilichukua miezi miwili. Risasi ilipita kwenye mlango wa dereva, aliokuwa ameuacha wazi kwa sababu ya joto. Mshono ulishika.

Barua hiyo aliivaa shingoni, ndani ya kifuko kimoja na mhuri wake. Kila mchomeleaji aliyefaulu alipewa mhuri wa chuma wenye namba, akimaliza mshono anaugonga kwa nyundo pembeni, ili siku yoyote ijulikane nani aliufanya. Wake ulikuwa kumi na saba. Baada ya barua ile hakuwa na kingine cha kujivunia duniani, wala hakukitaka. Mishono ya kumi na saba haifunguki, basi.

Mimi nilikuwa msusi. Kharkiv nilikuwa na kiti changu, kioo changu, na wateja waliokuja kunitafuta kwa jina. Nilijua kumfunika mtu upara kwa nywele saba alizobakiwa nazo, akatoka nje akitembea kama waziri. Wajerumani walipokaribia nilipakiwa kwenye treni ya mizigo pamoja na mashine, siku kumi na tisa, hadi huku kwenye theluji. Mume wangu alibaki nyuma, na huko nyuma ndiko alikoishia.

Yevlampi Zubarev, nyapara wa kundi letu, alikuwa na mguu mmoja mfupi na kumbukumbu ndefu. Ndiye aliyenipeleka kwa Glafira.

"Huyu nani?" Glafira akauliza, hata ngao ya uso hakuinua.

"Mwanafunzi wako."

"Na mikono hii? Hii ni mikono ya kumkuna bwana mgongo."

"Alikuwa msusi kwao."

"Basi kampelekeni akawasuke Wajerumani. Huenda watakufa kwa kucheka."

Wanawake tisa walicheka, na jina likanishika. Msusi njoo, msusi shika, msusi umelala. Nikikosea alinigonga vidole kwa mpini wa nyundo. Mara moja nilimwambia nina njaa, naona mshono unakuwa miwili. Akaniambia nichomelee wa kulia. Lakini nikianguka aliniinua yeye, na chumbani kule kwenye mabanda tulilala kitanda kimoja, Tasya katikati, kwa sababu watatu hupata joto kuliko mmoja. Sitasema alinipenda. Alinifanyia kazi, kama alivyokifanyia kazi chuma.

Kulikuwa na adhabu moja pale kiwandani iliyomkuta kila mtu. Vifaru vilivyouawa vitani vilirudishwa kwa treni ili viyeyushwe, na kabla ya tanuri lazima vikaguliwe, kwa sababu risasi iliyosahaulika ndani ingelipuka. Wanajeshi walitoa risasi. Sisi tulipewa ndoo na vikwanguo tutoe vilivyobaki. Wakati wa baridi kazi ilikuwa rahisi, kila kitu kiliganda na kubanduka. Mara ya kwanza nilitapika juu ya theluji, Glafira akasimama akinisubiri nimalize. Kisha akanivuta ndani kwa kola na kuninyooshea mshono.

"Tazama. Hawa wamekufa, lakini mshono wa mtu huyu umekaa. Namba ngapi?"

"Thelathini na moja."

"Huyo anaweza kulala usiku. Sasa kwangua."

Nasema haya ili ieleweke kwamba nilijua. Asije mtu akasema maskini msusi wa watu, angejuaje.

Sheria ilisema asiye na mhuri haruhusiwi kugusa bamba la mbele. Lakini vifaru vilitakiwa kila siku zaidi ya jana, na wenye mihuri hawakutosha. Kwa hiyo Zubarev akatengeneza sheria yake, ya mdomo: mwanafunzi achomelee, mwenye mhuri agonge. Kila mmoja katika kundi letu aligongea kazi ya mwingine. Glafira peke yake alikuwa hagongi kabla hajavua glavu na kupitisha dole gumba juu ya mshono, mwanzo hadi mwisho. Kazi zangu alizirudisha mara sita. Mara ya sita alinifanya nitindue mshono wote mbele ya wanawake wenzangu, saa mbili nzima, huku yeye akiwasimulia jinsi nilivyoshika patasi.

Januari ya arobaini na tatu, siku ya baridi ya kupasua mate hewani, nililetewa bodi ya kifaru ambayo bamba lake la mbele lilikatwa vibaya. Kati yake na bamba la ubavuni palikuwa na pengo la upana wa kidole. Ilitakiwa nilirudishe bamba hilo. Au basi, nilijaze pengo pole pole, chuma juu ya chuma, kazi ya saa tatu. Zubarev akapita akichechemea, nikamwonyesha pengo.

"Kifaru hiki kinapanda treni leo," akasema. "Kikibaki kwa ajili yako, kadi yako ya mkate nakata nusu. Wewe ni wa tatu wiki hii kuniletea habari za mapengo."

Jana yake nilikuwa nimezimia. Nusu ya mkate ilikuwa kifo, na si kwa maneno ya mashairi. Nikachukua vijiti vya kuchomelea, vizima, nikavipanga ndani ya pengo kimoja juu ya kingine hadi likajaa. Kisha nikapitisha mshono mmoja tu juu yake. Ilinichukua dakika arobaini. Mkono wangu siku hiyo ulitembea ukijua unakokwenda, na haishangazi, kwani ilikuwa kazi yangu ya zamani. Nilifunika upara.

Glafira akaja, akavua glavu. Dole gumba likaenda mwanzo hadi mwisho, likarudi. Akanitazama.

"Leo umechomelea kama mtu," akasema. Akatoa mhuri kifuani na kuugonga.

Katika miezi kumi na tano hilo lilikuwa neno jema la kwanza, na nitasema ukweli, nilifurahi. Nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu. Ningeweza kumwambia pale pale, mshono ukiwa bado wa moto, akanipiga, akanitukana, tukautindua. Nilisimama nikitabasamu.

Muda si mrefu wenye kifaru wakaja. Kwetu ilikuwa desturi dereva apashe mikono kwenye mshono wa mwisho kabla haujapoa, na aliyeuchomelea asimame karibu. Dereva alikuwa Mtatari wa miaka kumi na tisa, Gabdulla, mwenye masikio yaliyochomoza nje ya kofia. Aliweka viganja vyake juu ya vijiti vyangu.

"Asante kwa nyumba, dada," akasema. "Ina joto."

"Kaa salama," nikamjibu. Ndilo nililomwambia.

Aprili, theluji ilipokuwa tope, treni ya vifaru vilivyokufa ikaleta kimoja ambacho hakikupelekwa tanurini. Kiliwekwa katikati ya karakana yetu, na kundi zima likaitwa. Alikuwepo afisa mmoja wa mashtaka, mwenye mkoba, na luteni kijana ambaye masikio yake yote mawili yalikuwa yameungua yakaisha. Luteni alizungumza polepole, tukalazimika kusogea ili tumsikie.

"Risasi haikupenya. Iliteleza, kama mnavyojisifu. Mshono ndio uliopasuka, bamba likamlalia dereva magotini. Sisi watatu tulikuwa juu, tukamvuta. Hakuvutika. Moto ulipokuja wenzangu wawili hawakutaka kumwachia mikono. Mimi nilimwachia."

Kisha akauliza kama mtu anayetaka kujua bei ya viazi. "Kumi na saba ni nani?"

Glafira akasogea mbele. Akavua glavu, akaingiza vidole ndani ya ufa, akavuta. Kikatoka kijiti kizima, hata rangi haikuungua. Akavuta kingine. Akaviweka kiganjani, akavitazama kwa muda.

"Mhuri wa nani?" akauliza yule wa mkoba.

"Wangu."

"Mshono wa nani?"

Glafira akageuka, na katika watu wote wale macho yake yakanipata mara moja.

"Wa msusi."

Wote wakanitazama. Niliona kinywa cha Zubarev kikikaza, na nikaelewa kwamba sipo peke yangu. Nikisema ndiyo, atakayefuata kuulizwa ni yeye: nani aliruhusu? Na baada yake kila mwanamke pale: wewe umemgongea nani?

"Mimi sina mhuri," nikasema. "Asiye na mhuri hachomelei bamba la mbele. Sheria ndivyo inavyosema."

"Kweli," Zubarev akasema haraka. "Sheria ndivyo inavyosema, ndugu."

Wanawake tisa walitazama mabuti yao. Sijawahi kuona mabuti yakitazamwa namna ile. Glafira akawapitia kwa macho mmoja mmoja, akarudi kwangu. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha.

"Nonna," akasema. Hakuwahi kuniita kwa jina. "Kufungwa nitafungwa tu, kwa sababu niligonga. Wewe sema tu kwamba mshono si wangu."

"Shangazi Glafira," nikasema, "usiniponze. Una mtoto, fikiria mtoto."

Alicheka. Alicheka kweli, kwa sauti, mpaka yule wa mkoba akamshika mkono. Zubarev ndiye aliyekata kamba ya kifuko shingoni mwake, kwa kuwa mhuri ni mali ya kiwanda. Mhuri alinipa mimi kabla zamu haijaisha. Mstari wa kuundia vifaru haungeweza kusubiri. Barua alisokotea tumbaku. Nilimwona akiivuta, maneno yakiungua mdomoni mwake, mshono ulishika.

Alipewa miaka kumi. Tasya nilibaki naye mimi, na mabanda yote yakanisifu: mkimbizi wa watu, mwenyewe hana kitu, kamchukua mtoto wa mhalifu. Nilisifiwa mpaka nikaanza kuamini. Mwaka uliofuata Tasya alirudi kutoka shuleni na mate ya wenzake kwenye koti, akauliza kama ni kweli mama yake aliua wanajeshi. Nilikuwa nikimenya kiazi. Nikamwambia, "Mama yako alikuwa na haraka." Akaniuliza haraka ya nini. Nikamwambia ale.

Baada ya pale hakuuliza tena. Akaanza kuniita Mama Nonna, nami nikaitika.

Mchezo huo ungeishia hapo kama Glafira angekufa kule kambini, na sitajitia utakatifu, yako majira ya baridi niliyoomba afe. Akarudi. Ilikuwa masika ya hamsini na tatu, alisimama mlangoni akiwa nusu ya mtu niliyemjua, meno ya mbele hana, pua ile ile. Tasya alikuwa na miaka kumi na sita. Mama yake akamwambia maneno yake, mshono haukuwa wangu, akayasema mara moja. Tasya akamsikiliza hadi mwisho kwa adabu.

"Watu watatu," akasema. "Mmoja alikuwa na miaka kumi na tisa. Nimemaliza." Akaingia ndani.

Nilimfuata Glafira hadi kwenye ngazi. Sijui kwa nini, labda nilitaka anipige. Hata hakunitukana.

"Miaka yangu sikudai," akasema. "Mtoto sikudai, ana miguu, akitaka atakuja. Mwambie mshono haukuwa wangu. Hilo tu."

"Umeshamwambia mwenyewe."

"Mhalifu gani hasemi hivyo? Mwambie wewe."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Nitamwambia, Shangazi. Nipe siku mbili."

Kiwandani hawakumrudisha. Alipata kazi kwenye bafu la umma, kugawa mabeseni. Kila Jumamosi tulikwenda kuoga kama mji mzima unavyokwenda, mimi kwa zamu yangu, Tasya kwa yake. Tasya alilipokea beseni bila kuinua macho. Mimi niliulizwa.

"Umemwambia?"

"Bado."

"Haya. Beseni namba tisa."

Na Jumamosi iliyofuata, "Umemwambia?" "Bado." "Namba ishirini." Miaka ishirini na miwili. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Waliosema hivyo hawakuniuliza. Yangu bado naitembea, na miguu imevimba. Mwishoni tulikuwa tukisemezana hayo kama watu wanaoamkiana, na akiwa mgonjwa, mwingine akanipa beseni kimya, nilikuwa naoga bila raha.

Kwa nini sikusema? Kwanza niliogopa jela. Baadaye jela ikapita, hakuna ambaye angenifunga tena kwa jambo la vita, na nikagundua kwamba kilichobaki ni kikubwa zaidi. Tasya alikuwa amesomea chuma. Alichagua kuwa mkaguzi wa mishono, yeye, katika kazi zote duniani, na kila mtu alijua kwa nini. Anatembea na taa na chaki, na mchomeleaji akimwona anakuja hutema sigara. Anavua glavu, anapitisha dole gumba. Hajui amelitoa wapi dole hilo. Siku moja alimfukuza kijana kazini kwa kijiti kimoja ndani ya pengo, na mama wa kijana alipokuja kulia, alimwambia, "Nenda kalie kwa wale watatu." Kisha akaja kwangu kula pelmeni, vile vifuko vya unga vyenye nyama, akanibusu kichwani. Aliniambia mimi ndiye aliyemfundisha ukweli.

Sasa nimwambie nini mtu kama huyo?

Januari mwaka huu Glafira akalazwa, mapafu. Nilimpelekea jemu ya matunda. Alikuwa amelala uso juu, mikono nje ya blanketi. Sauti ilikuwa imekwisha, lakini swali lilikuwa usoni, nililijua hata bila midomo. Nikaona huruma. Naapa ilikuwa huruma, ingawa ukizoea kudanganya huwezi kuwa na hakika.

"Nimemwambia," nikasema.

Macho yakafunguka. "Akasemaje?"

Sikuwa nimejiandaa. "Alilia."

Glafira alinyoosha mkono, akaushika wangu, akapitisha dole gumba juu ya kiganja changu, taratibu, kutoka kwenye kifundo hadi kwenye ncha za vidole. Alichukua muda wake.

"Juu pazuri," akasema. "Juu umekuwa fundi siku zote."

Akaugeukia ukuta. Aliishi siku kumi na moja baada ya hapo na hakugeuka tena kwa ajili yangu.

Mazishini Tasya alikuja. Alikuja kunishika mkono mimi nisiteleze kwenye barafu, na akanieleza hivyo waziwazi, tusije tukaelewana vibaya. Wa tano alikuwa mwanamke wa bafuni aliyeleta mkate. Jeneza liliposhuka Tasya alitazama pembeni, kule kinakoonekana kifaru juu ya jiwe lake, na akasema amekufa mzee kuliko wale watatu. Nikamwambia twende, baridi.

Ndiye aliyeniletea ombi la gazeti. Yumo kwenye kamati. Alisema niandike kila kitu, Mama Nonna, vijana wajue mshono ulikuwa maana yake nini. Kwa hiyo nimeandika. Hizi ni kurasa kumi na mbili badala ya mbili, na majina yote yamo, la kwangu la kwanza. Mwaka wa sitini na tatu niliandika tano, mwaka wa sabini nikaandika nane. Zile ziliishia jikoni, chini ya sufuria.

Jumapili hii Tasya alikuja mchana. Alileta nyama, tukakanda unga pamoja, tukala. Karatasi nilikuwa nimeziweka chini ya mto niliokuwa nimeukalia, nikizihisi zikikwaruzana kila ninapojisogeza. Alipokuwa anavaa koti, alisimama mlangoni, mahali pale pale aliposimama mama yake.

"Na ile makala? Umemaliza?"

Alikuwa amevua glavu moja ili afunge vifungo. Nilitazama dole lake.

"Bado," nikamwambia.